Ndege za Uwanja wa Masoko

Mpwa wangu anauza ufuta. Misimu miwili mitatu imemwendea vizuri, na sasa yeye na wenzake wanataka kununua ndege ndogo ya kuleta watalii Kilwa kutoka Mafia na Unguja. Alikuja kwangu na simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Hebu itazame hii." Nikaitazama: ndege nyeupe, mabawa ya chini, viti vya ngozi. Akanitajia kasi yake na idadi ya abiria. Inakunywa mafuta gani, hajui. Inashuka kwenye uwanja wa namna gani, hajui. Fundi wa kuifungua injini atatoka wapi, hilo hata halijampitia kichwani. Hasira ilinipanda, ingawa si juu yake. Amekua wakati ambao hapa Kilwa Masoko hapana tena mtu wa kumfundisha mambo hayo.

Zamani walikuwapo. Kulikuwa na mwenye duka mmoja aliyeweka mapipa ya petroli ya ndege nyuma ya ghala lake la korosho, nami nilikuwa kijana wake wa kazi. Nimejaribu kuutafuta mwaka nilioanza. Dada yangu anasema 1970, kaka yangu anasisitiza ni baadaye kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa haijavunjika, basi tuishie hapo.

Mapipa yale ya lita 200 hakuyaweka wima hata siku moja. Aliyalaza ubavu, vifuniko viwili vikiwa usawa mmoja na mafuta yamevifunika kwa ndani. Pipa likisimama, alisema, mvua inatuama juu yake, na usiku likipoa linayavuta yale maji kupitia kifuniko. Siku ya kujaza ndege tulilisimamisha mapema, tukaliinamisha kidogo kwa gogo, tukaliacha litulie ili maji na kutu vikusanyike upande mmoja. Bomba la pampu ya mkono halikuruhusiwa kugusa chini. Mafuta yalipita kwanza kwenye ngozi laini iliyotandikwa ndani ya faneli: petroli ilipenya, maji yakabaki juu yake kama shanga.

Hakuamini maandishi ya ubavuni mwa pipa. Alikinga kidogo kwenye gilasi, akaielekeza kwenye jua. Nyekundu ilikuwa ya injini ndogo za zamani, kijani ya zile zenye nguvu. Ile ya buluu inayotumika hadi leo ilikuja baadaye. Kisha alidondosha tone kwenye karatasi. Likikauka bila kuacha alama, ni petroli safi. Likiacha doa la mafuta, mtu amechanganya na mafuta ya taa, na pipa lile halikusogezwa karibu na ndege yoyote. Harufu ile kali yenye utamu, ikichanganyika na ya korosho na papa mkavu, ndiyo iliyonipeleka Dar es Salaam kujifunza ufundi.

Wateja wake walikuwa mapadri, wapimaji ardhi, watu wa wanyamapori na madaktari. DC-3 za East African Airways zilizokuwa zikishuka Lindi na Mtwara zilikuwa na wenyewe; sisi tulihudumia ndogo. Watu wa wanyamapori walipenda Piper Super Cub, ya watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, yenye gurudumu dogo mkiani. Inakwenda taratibu, na hiyo ndiyo sifa yake, kwani anayehesabu tembo hana haja ya kukimbia. Inaruka kutoka sehemu fupi mno. Lakini mgonjwa wa kulazwa utamweka wapi?

Ndege iliyoonekana kama imetengenezwa kwa ajili yetu ilikuwa Cessna 206. Bawa liko juu, kwa hiyo halipasuliwi na vichaka wala visiki vya kando ya njia, na abiria anapanda akiwa kivulini, wala mvua haimnyeshei. Magurudumu hayakunjwi, hivyo hakuna mitambo ya kujaa mchanga. Injini ina nguvu farasi 300. Ubavuni kulia, nyuma, kuna milango miwili inayofunguka pamoja, na machela inaingia. Hapo tu mtu awe macho: flapu za nyuma ya bawa zikiwa zimeshushwa, mlango wa mbele kati ya hiyo miwili unagonga flapu na haufunguki sawasawa. Mwenye duka hakuwahi kuendesha ndege, lakini ikisimama tu alimpigia rubani kelele: "Pandisha flapu!" Kisha ndipo mama mjamzito aliyeletwa kutoka Kilwa Kivinje anyanyuliwe.

Sitaki kuzitukana ndege za bawa la chini. Piper Cherokee Six ina nguvu zilezile, na Daktari Anne Spoerry, wa Madaktari Warukao walioanzishwa Nairobi mwaka 1957, alitibu watu wa visiwa vya Lamu kwa miaka mingi akirusha Piper. Hakuna atakayesema mama yule hakuijua pwani. Ila uwanja uwe umefyekwa, na umetembewa kwa miguu kutafuta mashimo kabla ya ndege kushuka. Siku hizi nani anautembea?

Hesabu ya uzito nilifundishwa na rubani mmoja wa misheni, kwa kijiti, juu ya vumbi la uwanja. Mpwa wangu alihesabu viti. Rubani yule alihesabu kilo. Cessna 206 haitakiwi kuruka ikizidi kilo 1,633. Yenyewe tupu, pamoja na viti na redio, inakaribia 1,000. Ukijaza matangi, kama lita 330, umeongeza kilo 240, na rubani ana 80 zake. Zilizobaki ni za watu wanne wasio na mizigo, ingawa viti ni sita. Kutoka Dar es Salaam hadi Masoko ni kama kilomita 230, mwendo wa saa moja, na injini inakunywa kama lita 60 kwa saa. Ukikuta mafuta Masoko, unakuja na mafuta kidogo na watu watano na mabegi yao. Usipoyakuta, unabeba ya kurudia, na kila lita unayobeba inamwacha mtu au mzigo chini. Hivyo pipa la yule mwenye duka lilikuwa sawa na kiti cha ziada ndani ya ndege, na kila rubani alilijua hilo.

Kisha kuna chumvi. Upepo wa kusi unaipaka ndege usiku kucha, na bati la bawa linaliwa kwa ndani, kwenye viungo ambavyo mnunuzi havioni. Anayenunua ndege iliyokwisha kutumika akague huko kabla ya kutazama rangi, na anayeilaza Kilwa awe na maji baridi ya kuiosha. Tuliosha kwa ndoo.

Miaka iliyofuata ilipita haraka. Petroli ya ndege ikawa adimu, mwenye duka akafariki, mapipa yakageuzwa ya maji. Kwa safari za juu ya bahari wengine walileta Islander, yenye injini mbili, bawa juu, magurudumu yasiyokunjwa. Ni ndege ya maana, ila gharama za injini ni mara mbili. Kisha Cessna Caravan ikaziondoa karibu zote, kwa kuwa injini yake inatumia mafuta ya ndege kubwa, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa na yanapatikana. Daraja la Mkapa likavuka Rufiji mwaka 2003, lami ikaja taratibu hadi Lindi, na watu wakasema ndege ndogo za nini tena.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja na mvua zake, barabara ikakatika Somanga, mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili kwa siku kadhaa. Wagonjwa walikuwamo. Nilisimama pale Masoko nikiutazama uwanja, na hapakuwa na tone la petroli ya ndege la kumpa rubani yeyote.

Nimemwambia mpwa wangu watafute 206 yenye bawa lisilo na kutu, au wakopeshane hadi wafikie Caravan iliyotumika, na kabla ya yote wajenge banda la mafuta: sakafu ya saruji, paa, mapipa yamelazwa ubavu. Halmashauri ipewe ufunguo mmoja. Kulaza mapipa nitawafundisha mimi mwenyewe, na wiki ijayo tunakwenda kupima kiwanja.