Kitabu na Mwamuzi

Michezo mingi ya wanadamu hutafuta mshindi na mshindwa. Wachezaji wawili wa bao huketi wakitazamana, na hawainuki mpaka mmoja wao amefungwa. Lakini upo mchezo ambao watu watano au sita huuzunguka mezani kwa muda wa saa nne, kisha huondoka bila ya hata mmoja kumshinda mwenziwe. Jina lake ni Dungeons & Dragons, yaani magereza ya chini ya ardhi na majoka. Vyombo vyake ni karatasi, kalamu, dadu na ndimi za watu. Mmoja wao huwa mwamuzi. Yeye huisimulia dunia ya kubuni pamoja na milima yake, mapango yake na mazimwi yake. Kila mmoja wa waliosalia hujitwalia nafsi ya mtu katika dunia ile, ama askari, ama mchawi, ama mwivi, akasema analotaka kutenda. Jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu.

Mchezo huu ulichapwa kwanza mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, huko Marekani. Waandishi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000, na kila nakala ilikuwa sanduku lenye vijitabu vitatu vyembamba. Tangu hapo mchezo umeandikwa upya mara nyingi. Kati ya 1977 na 1979 vilitoka vitabu vikubwa vya toleo lililoitwa Advanced. Toleo la pili lilikuja mwaka 1989, la tatu 2000, la nne 2008, la tano 2014, na vitabu vya toleo hilo la tano vilisahihishwa mwaka 2024. Matoleo yalipokuwa mengi, ubishi nao ulikuwa mwingi. Wako wasemao kuwa mchezo wa kweli ni ule wa zamani, na wako wasemao kuwa zamani palikuwa na majaribio tu. Mtu wa nje hudhani kuwa ubishi huu ni wa wazee wanaoulilia ujana na vijana wanaoucheka uzee. Akitazama vema ataona kuwa ndani yake mna swali kubwa kuliko mchezo: imani iwekwe kwa nani, kwa mtu au kwa kitabu?

Mfano mmoja utatosha kulifunua swali hili. Wachezaji wanaingia katika ujia wa giza, na chini ya jiwe moja la sakafu umefichwa mtego. Vijitabu vya 1974, ambavyo kurasa zake zote pamoja hazifiki 120, vina maneno machache juu ya mambo kama haya. Aliyetaka kuishi ilimpasa kuuliza. Sakafu ina vumbi au imefagiwa? Mawe yote ni ya rangi moja? Kisha alisema kuwa anatanguliza upondo mrefu, anagonga kila jiwe kabla ya kulikanyaga. Upondo huo wa futi 10 ulikuwamo katika orodha ya vitu vya kununua tangu vijitabu vya kwanza. Mwamuzi alisikiliza, akapima, akatoa hukumu. Katika toleo la 2000 mambo ni mengine. Mtu wa kubuni ana stadi ya kutafuta, na stadi hiyo ina hesabu yake. Mchezaji hurusha dadu ya pande 20, akajumlisha hesabu ya stadi, na jumla ikifikia kiwango kilichowekwa, mtego umeonekana. Upondo wa futi 10 haukufutwa. Hata katika orodha ya 2014 ungalipo. Lakini haja ya kuunyosha mbele imepungua.

Wapenzi wa njia ya zamani husema kuwa dadu imekalia kiti cha akili. Neno hili lina ukweli, walakini si ukweli wote. Mchezaji wa askari haambiwi ainue meza ndipo askari wake aweze kuvunja mlango. Kwa nini basi mchezaji wa mwivi aambiwe awe mwerevu ndipo mwivi wake awe mwerevu? Mtu mwenye haya, asiye mwepesi wa kusema, ana haki ya kuota kuwa hodari wa hila kama vile mtu dhaifu alivyo na haki ya kuota kuwa pahalwani. Kitabu kipya kilimpa haki hiyo. Cha zamani kilimpa aliyejaliwa ulimi, kikamsahau aliyenyimwa.

Tofauti ya pili ni mauti. Katika kanuni za 1981 zilizohaririwa na Tom Moldvay, mchawi mwanagenzi huanza na alama za uhai alizopata kwa dadu ya pande nne, na sihiri moja tu kwa siku. Pigo moja la kisu latosha kumwua, maana alama zikifika sifuri mtu amekufa, na mchezaji hushika karatasi nyingine. Katika toleo la 2014, anayefika sifuri huanguka, lakini aghalabu hafi papo hapo. Kila zamu hurusha dadu ya pande 20: kumi na kuendelea ni heri, chini ya kumi ni shari. Heri tatu humtuliza, shari tatu humwua. Na dadu ikionyesha 20, huzinduka na kusimama tena.

Mauti yaliyo karibu hufundisha hadhari. Mchezaji wa zamani alijifunza kunyata, kuhonga, kusema na adui, na kukimbia bila ya aibu. Tena kanuni zilimsaidia kuwa na busara hiyo. Mwaka 1981 kila sarafu ya dhahabu iliyotolewa shimoni salama ilimpa mtu alama moja ya kupandia daraja, na zimwi dogo la goblin lilileta alama 5 tu. Aliyeiba hazina na kuliacha joka limelala alikuwa mshindi kuliko aliyelichokoza. Toleo la 2000 liliiacha kanuni hiyo ya dhahabu, na alama zikawa malipo ya vikwazo vilivyoshindwa, hasa maadui waliopigwa. Kwa badiliko hilo moja upanga ulipanda bei na hila ikashuka. Lakini mauti yaliyo mbali yana mafunzo yake pia. Ni nani atakayemtungia baba na mama, deni na kiapo, mtu atakayekufa kabla ya chakula cha usiku? Mchezaji wa siku hizi huja na mtu mwenye historia, na humpenda. Hadhari ni jambo jema, na mapenzi ni jambo jema. Ila ni vigumu kuvikalisha katika kiti kimoja.

Yamebaki mambo ya haki, na hapa ndipo mizani inapotikisika zaidi. Mwamuzi wa zamani alikuwa na mamlaka makubwa, na mamlaka makubwa bila ya maandishi hupendeza tu yakiwa mikononi mwa mwema. Mwamuzi mwenye upendeleo aliweza kumwokoa rafiki na kumzamisha mgeni kwa tendo lilelile. Mgeni hakuwa na mstari wa kuuwekea kidole akasema, "Imeandikwa hivi." Vitabu vipya vilimpa mstari huo. Viliondoa pia ugumu usio na faida. Zamani deraya bora ilikuwa na hesabu ndogo na deraya mbovu hesabu kubwa, na pigo lilitafutwa katika jedwali. Tangu 2000, kwa mambo mengi, kanuni ni moja: rusha dadu ya pande 20, jumlisha, fikia kiwango. Anayekuja leo hahitaji ukoo wa wachezaji ili aelewe.

Je, basi kitabu ni mwadilifu kuliko mtu? Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliweka kikomo cha nguvu za wanawake chini ya kikomo cha wanaume. Katika dunia yenye majoka yarukayo na wafu watembeao, mwandishi aliona kuwa mwanamke mwenye nguvu sawa na mwanamume ni jambo lisilosadikika. Dhuluma hiyo haikutoka kwa mwamuzi. Ilitoka kwa maandishi. Mwamuzi mwungwana aliweza kuifuta kwa neno moja, lakini uungwana wake uliishia penye ukingo wa meza yake. Mwaka 1989 toleo la pili liliifuta kanuni hiyo, na ikafutika kwa kila aliyekifungua kitabu kipya. Hapa pana fundisho la kukumbukwa. Kosa la mwamuzi huwaumiza watano, na kosa la kitabu huwaumiza maelfu. Kadhalika wema wa mwamuzi huwafaa watano, na wema wa kitabu huwafaa maelfu.

Kwa sababu hiyo haikuwa ajabu kwamba kitabu kilizidi kunenepa, wala haikuwa ajabu kwamba baadaye watu walilalamika. Kila mgogoro ulizaa kanuni, na kila kanuni ilipunguza nafasi ya kufikiri. Mchezaji akiulizwa, "Unafanya nini?" alitazama karatasi yake kwanza, kana kwamba lisiloandikwa pale limekatazwa. Toleo la 2008 lilipanga uwezo wa askari na wa mchawi katika muundo mmoja, na wengi walilikataa. Mwaka 2009 kampuni ya Paizo ilitoa mchezo wa Pathfinder uliojengwa juu ya kanuni za toleo la tatu. Wengine walirudi nyuma zaidi. Mwaka 2006 ulitokea mchezo uitwao OSRIC, ulioziandika upya kanuni za toleo la kwanza la Advanced. Na ruhusa iliyouwezesha ilitolewa pamoja na toleo la 2000. Mpya ndiye aliyemfungulia mlango wa kale.

Toleo la 2014 lilitafuta suluhu. Mfano mzuri ni kanuni ya nafuu. Hali ikimfaa mchezaji, hurusha dadu mbili akachukua iliyo kubwa. Ikimdhuru, hurusha mbili akachukua iliyo ndogo. Kitabu kinataja baadhi ya hali hizo, na nyingine kinamwachia mwamuzi azitambue. Mtu ndiye apimaye hali. Kitabu ndicho kisemacho hukumu yake itakuwa na uzito gani. Mchezaji anayeshika upondo na kugonga sakafu aweza kupewa dadu ya pili kwa ajili ya busara yake, na mwenye haya asiyejua la kuuliza bado ana dadu yake moja.

Si kanuni kamili, na haikumaliza ubishi. Lakini yaonyesha kuwa miaka 50 ya kuandika na kufuta haikupita bure. Sheria huandikwa pale imani ilipovunjika, na kila mstari katika vitabu vile vinene ni kaburi la ugomvi fulani. Anayeufuta mstari kwa kutamani ya kale na aulize kwanza ni nani aliyeonewa kabla haujaandikwa. Naye anayeongeza mstari na aulize ni akili ya nani itakayolala baada yake. Maswali haya mawili yakiulizwa pamoja, watu wataweza kuketi penye meza ya toleo lolote, wakacheza kwa furaha, wakaondoka wakiwa marafiki.