Uzee Hauwashi

Nimestaafu mwaka huu, na haukupita muda tukamzika mama. Utoto wangu hauna makubwa: nilizaliwa Upareni, kahawa ikanisomesha, nikawa tabibu wa zahanati. Siku hizo malaria ilitibiwa kwa klorokwini, nayo iliwawasha watu usiku kucha. Hapo nilijifunza swali la kwanza la kumuuliza anayejikuna: unameza dawa gani? Klorokwini iliachwa mwaka 2001, swali halijaachwa.

Ngozi nilisomea Moshi, KCMC, katika kituo cha kanda kilichofunguliwa mwaka 1992. Mwalimu wangu alitukataza kuandika dawa kabla ya kuona mgongo. Mzee atakuonyesha mkono tu, kwa haya. Wewe tazama katikati ya vidole, kitovuni, kinenani. Kisha mwalimu alimgeukia aliyemleta: "Nawe, nyoosha mikono." Upele ukionekana, nyumba nzima ilipakwa dawa siku hiyohiyo, wanaojikuna na wasiojikuna.

Mama alipoanza kujikuna hadi kutoka damu, alikuwa amevuka themanini. Mimi mwanawe wa kiume nisingethubutu kumfunua. Nilimtuma binti yangu, mke mwenza wa bibi yake kwa utani, akarudi na taarifa kamili: upele hakuna, ila miguu na mgongo vimepasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Tukapima figo, ini, sukari, tezi ya shingo na wingi wa damu; vyote salama. Mchawi alikuwa sabuni ya kufulia, maji ya moto na dodoki, asubuhi na jioni. Tukahamia maji ya uvuguvugu, sabuni laini kwapani na kinenani tu, na mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado mbichi. Kucha tukakata. Haukuisha mwezi akawa analala.

Kuhusu mafuta hayo nimebishana miaka mingi na mwenzangu mmoja. Yeye alishikilia mwili ukauke kwanza. Lakini mafuta ya mgando hayaleti maji, hufunga yaliyopo. Ngozi ikishakauka, utafunga nini? Tena aliwapa wazee piriton "walale". Walilala, ndiyo; wengine wakaamka wamechanganyikiwa, mkojo umegoma, wakaanguka wakielekea chooni. Nasikia sasa naye ni mzee, na bafuni kwake pana kopo la mafuta ya mgando. Sijamuuliza hupaka lini.

Ninyi mnaoanza, uzee hauandikwi kwenye nafasi ya ugonjwa. Mzee asiye na vipele anayewashwa mwili mzima wiki baada ya wiki, apimwe damu. Akikonda au macho yakiwa manjano, msingoje hata kesho. Krimu ya steroidi msiitoe kabla ya kutafuta upele: hutuliza wekundu, wadudu wakaendelea kuzaana. Na foleni ikinung'unika, iacheni inung'unike. Nguo za mzee zina vifungo vingi.