Magoti ya Nyanya na Istilahi Zetu

Kuna hali ya uzeeni ambapo mwili huishiwa akiba ya nguvu, hata homa ndogo ikamlaza mtu majuma. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa programu ya simu, ICOPE, ya kumwongoza mhudumu kuitambua mapema. Kipimo chake cha mwendo ni chepesi ajabu: mzee akunje mikono kifuani, ainuke kitini mara tano. Akipitisha sekunde 14, achunguzwe zaidi.

Nilimpima nyanyangu kwa saa ya simu. Sekunde 21! “Kumbe umekuja kunishindanisha na kiti,” akacheka. Tangu siku hiyo kengele ya simu hulia saa kumi jioni, naye huinuka na kuketi mara kumi, meza ikiwa karibu. Baada ya miezi mitatu alifika 16. Siku hizi huenda msalani usiku bila kumwita mtu.

Kilichonitatiza ni lugha. Nilipotaja “udhaifu” alinuna, maana kwake dhaifu ni mtu asiye na msimamo. “Sema magoti yamelegea.” Sisi tuundao istilahi kila uchao, ni lini tulimwuliza mwenye magoti? Kengele yake sasa imeandikwa: Kaza magoti.