Unga Mweupe Chini ya Mlango

Musoma, Jumatatu, 7 Aprili 2025

Maneno ya Bunda yamefika gereji kabla ya mwenyewe. Dereva wa Haisi aliyetuletea spea ameyasema mbele ya vijana wote: mzee wa Land Rover 109 anatangaza stendi kwamba tulimpigia rangi juu ya kutu. Fundi bodi wangu akaweka nyundo chini, hakuongea mpaka saa sita. Milango ile aliinyoosha yeye, bati kwa bati. Hapa kwetu palipooza tunakata na kuweka bati jipya, hatujazi puti.

Nimempigia mzee. "Mura, njoo uone kazi yako," akasema, akakata simu. Nitakwenda. Jambo la namna hii halijibiwi kwa simu, wala kwa kumtuma dereva.

Bunda, Jumatano, 9 Aprili

Rangi imefura kwenye ukingo wa chini wa milango yote miwili ya mbele. Nilimwamkia mzee, nikaomba kisu, nikakwangua mbele yake. Ukatoka unga mweupe.

Kutu yoyote ya chuma ingetoka nyekundu. Bodi za Land Rover hizi ni aluminiamu. Zilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa bado cha mgawo baada ya vita, na aluminiamu ya viwanda vya ndege ilikuwepo. Lakini fremu ya ndani ya mlango ni chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana sisi hatufungi mlango kabla ya kupaka praima pande zote mbili na kuweka kitu cha kuzitenganisha.

Sasa chini ya milango ile kuna ukanda wa chuma wa kukinga mawe. Haukutoka kwetu. Aliyeufunga ametoboa matundu mapya, akapitisha bolti za chuma, na ndani ya matundu hakupaka chochote. Masika yakaja, maji yakapata njia.

Mzee akasema labda ni upepo wa ziwa. Utetezi huo nimeusikia kwa mafundi wengi, na siukubali hata pale unaponifaa. Ziwa Victoria ni maji baridi. Chumvi inayokula magari ya Tanga na Dar es Salaam huku haipo.

Alikuwa na lingine: mianya ya milango hailingani. Ni kweli hailingani, nami nilimweleza hivyo kabla hajatoa hata senti. Magari haya tangu kiwandani hayakuwa na mianya ya kulingana. Ningeweza kuisawazisha kwa puti, ipendeze siku ya kukabidhi, halafu ipasuke kwa mitikisiko ya barabara za vumbi. Hakuridhika. Kutopenda ni haki yake. Kusema tulificha kutu si haki yake.

Butiama, Jumapili, 13 Aprili

Leo ni tarehe aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, mwaka 1922, na mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alianza na hilo hata kabla ya chai. Kisha tukalala chini ya gari lake. Nilimpa nyundo ndogo agonge chasisi mwenyewe. Chuma kizima kinalia. Penye kutu sauti hufa. Chasisi hizi ni za boksi, huoza kuanzia ndani, na nje ukaona rangi nzuri kabisa. Nyuma, kwenye boriti ya mwisho, nyundo ilizama.

Anatamani gari lake ling'ae kama magari aliyotumia Mwalimu, yaliyomo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nikamwambia yale yanakaa chini ya paa, hayabebi saruji wala mahindi. Lake litarudi kazini, kwa hiyo fedha yake iende kwanza kwenye chasisi.

Habari za Bunda alikuwa nazo. "Mwanangu, mtengenezee bure, yaishe. Jina lako litasafika."

Nimeendesha mpaka Makutano nikilifikiria hilo. Ni ushauri wa upendo, lakini siwezi kuufuata. Nikifanya bure, Bunda nzima itasema tumekiri, na atakayekuwa amekiri si mimi mwenye kibao cha gereji, ni fundi bodi aliyetumia mikono yake. Kijana huyo ana kazi yake tu ya kumtambulisha. Siwezi kuiuza heshima yake ninunue utulivu wangu.

Musoma, Jumanne, 15 Aprili

Mzee amekuja na gari, na amekuja na fundi wake wa Bunda, kama nilivyomwomba. Tumetoa ukanda, tumefungua bati la mlango wa kushoto, kila mtu akachungulia. Fremu ya chuma haina kutu, praima yetu imeshika. Unga umezunguka matundu ya bolti na pale ukanda ulipolalia bati. Fundi wa Bunda ndiye aliyesema, "Mzee, hapa wameonewa." Mzee hakuomba radhi. Aliuliza bei.

Nimemtajia bei kamili: kukata ukingo, bati jipya, praima ya aluminiamu, rangi. Ukanda akiutaka urudi, utarudi na washa za plastiki na mpira katikati. Amelipa nusu, na risiti nimeiandika kwa jina la fundi bodi kama msimamizi wa kazi. Mlango wa kulia tunafungua kesho asubuhi. Fundi wa Bunda ameomba kubaki aone, nimemkubalia.