Mtoto Asomaye Historia Aulizwe “Kwa Nini?”

Binti mmoja wa askari polisi, mzaliwa wa Dranya katika Wilaya ya Koboko, alipoingia Kidato cha Tano alichagua somo la Historia. Bidii hakuikosa. Kila usiku aliwasha taa akakariri daftari ukurasa baada ya ukurasa, hata akaweza kutaja tarehe za Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 pasipo kukosea. Lakini jaribio la kwanza lilipotoka, alianguka. Pembeni mwa karatasi mwalimu aliandika swali moja tu: “Kwa nini?”

Baba yake, ambaye mshahara wake uligawanywa baina ya karo na chakula cha watoto watano, alitoa kauli kwamba akianguka tena ataondolewa shuleni, akajifunze ushonaji. Hakuwa mkatili, fedha hazikutosha.

Likizo ilipofika, binti alirudi Dranya kwa mama yake, ambaye hakupata kuvuka darasa la tatu. Jioni moja, wakimenya mihogo, mama alimwambia, “Mwanangu, hebu nieleze ulichosoma leo.” Binti akaanza kama kasuku: mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji nchi ya Lado, magharibi ya Mto Nile, ambamo Koboko ilikuwamo.

“Kwa nini mtu akodishe nchi isiyo yake?” mama aliuliza.

Binti akanyamaza. Usiku ule alifungua kitabu akitafuta jibu, akaona kwamba Waingereza walitaka kuwazuia Wafaransa wasiufikie Mto Nile. Kesho yake alimjibu mama, naye akauliza tena, “Na sisi yalitupata nini?” Akaeleza kuwa Leopold alifariki mwaka 1909, Lado ikarudishwa Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikatiwa Uganda mwaka 1914. Ndipo wote wawili walipofahamu sababu mojawapo ya Wakakwa, watu wa lugha moja, kuwa leo katika nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan Kusini.

Tangu siku hiyo binti alibadili desturi yake. Kila somo aliliandika upya kwa maneno yake katika ukurasa mmoja: sababu, tukio, matokeo. Kila Jumamosi aliandika insha moja kwa dakika 45, kwa kuwa mtihani wa kila karatasi ulitaka maswali manne kwa saa tatu. Kila aya aliianza kwa hoja, akaitegemeza kwa jina na mwaka, kisha akaonyesha jinsi inavyojibu swali. Makosa aliyosahihishiwa aliyaandika upya, wala hakukesha tena.

Jaribio la pili alipasi. Si kwa alama za juu sana, lakini alipasi. Baba akalipa karo ya muhula uliofuata.

Wazazi walio kambini na vijijini wasidhani kwamba kumsaidia mtoto wa sekondari ni kazi ya wasomi peke yao. Dakika ishirini za kumsikiliza jioni, na swali moja la kweli, zaweza kumfaa kuliko usiku mzima wa kukariri. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Na mtoto aulizwaye nyumbani hatashtuka akiulizwa katika chumba cha mtihani.