Mguu wa Mama kwenye Breki

Kitale ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa mji wa Peugeot. Zile 504 za abiria zilijipanga stendi, makanga wakiita Webuye, Eldoret, Kapenguria, na gari halikuondoka mpaka dereva awe amebanwa mlangoni na abiria wake. Pikapu za wakulima zilingoja mbegu kwa Kenya Seed, au zilipiga foleni na magunia ya mahindi nje ya maghala ya bodi ya nafaka. Wazee walikuwa bado wanabishana kuhusu Safari Rally: 504 ilishinda mwaka 1975, gari la ukoo huohuo likashinda tena 1978, na mtu mwenye Peugeot mbovu ya kuuza hakuhitaji hoja nyingine.

Baba alinaswa kwa hoja hiyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akanunua pikapu ya 504 kwa mkulima mmoja wa upande wa Kiminini. Injini yake ilikuwa nzuri, breki zake za kuombea Mungu.

Kwetu ni Bukembe, karibu na kiwanda cha sukari cha Nzoia, kati ya Webuye na mji wa Bungoma. Likizo, matanga, mavuno, yote yalitupeleka huko. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma takriban 1,400. Njia inapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, ikishuka mabondeni kwenye mito na kupanda tena, hadi harufu ya kiwanda cha karatasi cha Webuye ikuamshe hata kama ulikuwa umelala juu ya magunia. Kiwanda kile kilianza kazi mwaka 1974 na kufungwa 2009. Siku zile kilikuwa bado kinafuka moshi, na mabati ya mji yalikuwa yanaliwa na kutu. Mwaka 1992, mapigano ya ardhi yalipotanda Trans Nzoia na Mlima Elgon, pikapu ilishusha Bungoma vitanda, kuku na watoto wa jamaa zetu. Mzigo wa namna hiyo haungojei fundi apate nafasi wiki ijayo. Ndiyo maana breki zilitengenezwa nyumbani, uani, chini ya mparachichi.

Mwalimu wetu wa kazi hiyo alikuwa khocha, kaka yake Mama, aliyejifunza ufundi kwenye malori yaliyoleta magogo Webuye. Hakupenda maneno mengi. Alifungua boneti, akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kidole na kutuonyesha. Mafuta mapya yana rangi ya asali nyepesi. Ya kwetu yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.

"Shemeji, haya uliyabadilisha lini?"

"Huwa naongeza," Baba akasema.

Khocha alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaeleza, na maelezo yake sijawahi kuyapata vizuri zaidi kwingine. Mafuta ya breki hunywa maji. Unyevu hupenya polepole kwenye mipira na kwenye kikopo, na Kitale mvua hunyesha kuanzia Aprili mpaka karibu mwisho wa mwaka. Yale ya kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za selsiasi. Yakishakunywa maji, kiwango kinaruhusu yachemke kwa nyuzi 140 tu. Kwenye mteremko mrefu, ukiwa na mzigo na mguu hautoki kwenye breki, joto la diski huyapata mafuta hayo na kuyafanya yatoe mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa. Unakanyaga, pedali inazama, gari linaendelea na safari yake.

Hapo ndipo nilipoelewa hadithi za madereva wa Lodwar. Ukipita Makutano ya Kapenguria, barabara inaporomoka Kamatira kuelekea Marich na Turkana. Madereva walisimulia jinsi breki zilivyopotea ghafla pale, wakaponea chupuchupu kwa gia, na kesho yake fundi akakagua asione kasoro yoyote. Wengine walitaja majini. Khocha alisema majini gani, mvuke ukipoa unarudi kuwa maji na pedali inarudi juu, kwa hiyo fundi wa asubuhi anakuta breki nzima na dereva anaonekana mwongo.

Kazi yenyewe inahitaji watu wawili wanaosikilizana. Mmoja analala chini ya gari na spana, mwingine anakaa kwenye kiti cha dereva. Nyuma ya kila gurudumu kuna kinati kidogo chenye tundu la kutolea hewa. Khocha alikivisha mpira mwembamba wa dripu, ambao shangazi yetu muuguzi alitupatia, na ncha ya pili ya mpira akaizamisha ndani ya chupa yenye mafuta safi kidogo ili hewa isirudi ndani. Kisha ulianza mwito: "Pampu!" Wa juu anakanyaga mara kadhaa. "Shika!" Anakandamiza na kutulia. Wa chini analegeza kinati, mafuta meusi yanatoka na mapovu yake, pedali inashuka. Anakaza kinati. Ndipo anapoita "Achia!" Mguu ukiachia kabla kinati hakijakazwa, hewa inaingia upya.

Sisi watoto tulipigania kiti kile, na wote tulifukuzwa. Baba naye alifukuzwa, kwa sababu alipenda kuuliza swali katikati ya "shika". Aliyebaki ni Mama. Alikuwa mshonaji, miaka mingi kwenye cherehani ya Singer ya kukanyaga, na mguu wake ulitii sauti bila haraka na bila papara. Khocha alisema hajawahi kufanya kazi na fundi msaidizi wa namna hiyo hata Webuye. Sidhani alikuwa anamsifu dada yake bure. Tangu siku ile, breki za pikapu hazikuguswa Mama akiwa sokoni.

Kulikuwa na mambo ambayo fundi wa haraka huyaruka. La kwanza, gari lile lilikuwa na vali karibu na ekseli ya nyuma inayopima mzigo. Gari likiwa tupu, vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi yasiburutike. Likilemewa, hufungua njia. Ukiinua nyuma kwa jeki na matairi yakining'inia, vali hiyo huona hakuna mzigo kabisa, mafuta hupita kwa shida na hewa hubaki ndani. Kwa hiyo khocha aliagiza pikapu ikae kwa matairi yake, ipakiwe magunia manne ya mahindi ya kilo 90 kila moja, na sisi watoto juu yake. Majirani walidhani tunahama.

La pili, aliweka kipande cha mbao chini ya pedali isizame mpaka mwisho. Ndani ya masta silinda nzee, ile pampu inayosukumwa na pedali, kuna sehemu ambayo mipira haifiki katika siku za kawaida, na sehemu hiyo hupata kutu. Ukikanyaga mpaka sakafuni, mpira unapita juu ya kutu na kuchanika, na sasa una tatizo ambalo hukuwa nalo asubuhi.

La tatu ni utaratibu. Usukani wetu uko kulia na masta silinda iko mbele ya dereva, kwa hiyo tulianza na gurudumu la mbali zaidi, nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, tukamaliza mbele kulia. Kazi yangu ilikuwa kuchungulia kikopo na kupiga kelele kabla mafuta hayajaisha, kwa maana kikikauka, hewa inaingia kutoka juu na mnaanza upya. Pia nilishika kopo la maji. Tone la mafuta ya breki likidondoka kwenye rangi ya gari huibambua, na dawa yake ni kulimwagia maji papo hapo.

Ugomvi ulizuka mara moja tu, na Mama ndiye aliyekuwa na haki. Mafuta machafu yalikuwa yamewekwa kwenye chupa ya soda na kuegemezwa ukutani. Ni sumu, na rangi yake ni ya soda. Mama aliwaambia wanaume wawili maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na kuanzia hapo yaliwekwa kwenye debe lenye kifuniko.

Khocha alichukia kitu kimoja kuliko mafuta meusi: mafuta ya injini au ya usukani kutiwa kwenye breki. Barabarani, dereva aliyeishiwa alitia chochote, hata maji ya sabuni, ili afike. Maji ya sabuni unaweza kuyasafisha ukiwahi. Mafuta ya injini yanavimbisha mipira yote, kutoka masta silinda mpaka magurudumuni, na hapo hakuna cha kusafisha, unanunua mipira mipya yote.

Peugeot zimepungua Kitale, na njia ya Bungoma sasa ni ya Probox. Gari jipya lenye breki za kompyuta linaweza kuhitaji mashine ya fundi endapo hewa imeingia kwenye kitengo cha breki hizo, lakini kubadilisha mafuta ya kawaida bado ni ile kazi ya mwito na mguu. Watengenezaji wengi wa magari husema miaka miwili, labda mitatu. Ukiwa na gari, kafungue kikopo leo uangalie rangi. Ikiwa ni nyeusi, usiongeze. Nunua lita moja iliyofungwa, ya kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, tafuta spana inayokaa sawasawa, na umwite mtu asiyeuliza swali katikati ya "shika".