Ratili Kumi na Moja

Ngazi ya jumba lile la kanisa, ambamo kila Alhamisi jioni palifanywa darasa la kushona mifarishi, ilikuwa na vidato 32. Idadi yake naijua kwa kuwa nilivihesabu kimoja baada ya kimoja, usiku wa Novemba, mvua ya Glasgow ikinichirizika shingoni, na mkononi nimeibeba cherehani ya chuma ya mdogo wangu, ambayo pamoja na sanduku lake la mbao ilinilazimisha kutua mara tatu kabla sijafika juu na kuingia ukumbini nikitweta mithili ya hamali wa bandarini. Wanawake waliokuwamo walinipokea kwa bashasha, wakanipa chai, wakaniondolea sanduku mkononi kwa kusaidiana wawili. Na mmoja wao, bibi kizee aliyepata umri wa miaka 80 au zaidi, akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na kicheko, akaniambia kwa Kiingereza chao cha Kiskoti, ambacho masikio yangu yaliomba kirudiwe, kwamba niliyoileta si cherehani bali ni nanga.

Kisha yeye mwenyewe akakitia mezani kisanduku cheusi ambacho tangu nilipoingia nilidhani kina zumari au ala nyingine ya muziki, akafungua komeo zake mbili, akatoa kwa mkono mmoja cherehani ndogo nyeusi yenye nakshi za dhahabu, akaikunjua ubao wake wa kushoto uliokuwa umesimama juu ya bawaba, akachomeka waya, na kabla sijamaliza kuvua koti alikuwa amekwisha kuunganisha vipande vinne. Nikasogea, nikainama, nikasoma ubavuni herufi zile sita ambazo sisi watoto wa fundi cherehani tulizijua kabla ya kujua alifu na be: SINGER.

Haifai niendelee bila ya kueleza kwa nini herufi zile zilinishika moyo. Nilizaliwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na marehemu baba yangu alikuwa mshonaji wa kanzu, akifanya kazi kwa cherehani ya mkono ya namba 28, ile ambayo uzi wake wa chini hukaa ndani ya kidude kirefu mfano wa risasi kinachokwenda mbele na nyuma, na ambayo kwa upande wa kulia ina gurudumu lenye mpini ambao sisi wanawe tulizungushishwa kwa zamu tangu mikono yetu ilipoweza kuufikia. Mfarishi nao haukuwa jambo geni kwetu, maana bibi yangu alikuwa akikusanya leso kuukuu, akizipanga, akizijaza sufi na kuzipitisha uzi kwa mkono. Ila yeye hakuwa na rula wala darasa, na lau angaliambiwa kwamba ng'ambo watu hulipa ada ili wafundishwe kuunga viraka, angalidhani anafanyiwa mzaha.

Muradi wangu katika kuhudhuria darasa lile, ukiacha hamu ya kuzipa shughuli jioni ndefu za baridi katika nyumba ya ndugu yangu, ulikuwa ni kurudi pwani na elimu hiyo na kuwafundisha wanawake wa ukoo wetu, walioko Mombasa na walioko Lamu, namna ya kuyafanyia kazi mabaki ya leso na vikoi yanayotupwa na mafundi. Na kwa ajili hiyo nilihitaji cherehani itakayokubali kupanda ndege, basi na mashua, na mimi mwenyewe, mwanamke wa miaka 60 mwenye kiuno kisichopenda masihara, ndiye mchukuzi. Tokea usiku ule wa vidato 32, basi, nikaanza kutafuta.

Ya kwanza niliyoijaribu, katika duka moja la katikati ya mji, ilikuwa ya plastiki, mpya, nyeupe, isiyozidi kilo 5 na nusu, na bei yake ilinifurahisha. Muuzaji alinipa kitambaa kimoja cha pamba nishone, nami nikashona, ikaenda vizuri. Lakini nilikuwa nimekuja na changu mkobani, tabaka tatu kama zilivyo katika mfarishi, yaani kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, na nilipozipitisha tabaka hizo na kukanyaga kwa nguvu, cherehani ilianza kutembea juu ya meza ikielekea ukingoni, nami nikawa nashona kwa mkono mmoja huku kwa wa pili nikiizuia. Ulikuwa wepesi wa mtumbwi usiotiwa farumi. Ya pili ilikuwa na kioo cha umeme na mishono 200, baadhi yake ikiwa maua na mingine bata. Ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza, na bata hao sikuwahitaji, kwa sababu kazi ya kuunga mfarishi hutaka mshono mmoja tu, wa moja kwa moja, ila uwe mnyofu na uwe umbali wa robo inchi kutoka ukingo wa kitambaa, si zaidi wala si pungufu. Asiyepata kushona mfarishi huona robo inchi ni ukaidi wa walimu. Walakini ukipoteza milimita moja tu ya upana katika kila mshono, na safu yako ina mishono 20, safu hiyo imepotoka sentimita 2, na haitaoana na jirani yake hata ukiiombea dua.

Ikawa hapana budi niifuate ile ya bibi kizee. Aina hiyo, namba 221, iliyopewa jina la Featherweight, yaani uzito wa unyoya, ilitolewa 1933, mwaka wa maonyesho makubwa ya Chicago, na siri yake ni kwamba mwili wake ni wa alumini, si wa chuma cha kusubu, hata uzito wake ukawa ratili 11, ambazo ni kilo 5. Haitengenezwi tena tangu zaidi ya miaka 50 iliyopita, kwa hiyo anayeitaka huitafuta kwa watu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao mdogo wangu hajachoka kuusimulia. Niliagiza moja kwa posta, kwa mfanyabiashara aliyeisifu kwa maneno matamu, nikalipa, nikangoja, ikafika. Nzuri, inang'aa, haina mkwaruzo. Bahati yangu ni ile tabia niliyorithi kwa baba ya kukipindua kila chombo na kukisoma tumboni kabla ya kukitumia, maana kwenye kibati cha mota palikuwa pameandikwa volti 110. Ilikuwa ya Marekani, na lau ningaliichomeka katika umeme wa Uingereza, au wa kwetu Kenya ambao nguvu yake ni hiyo hiyo ya volti 240 hivi, mota ingaliungua papo hapo. Shemeji yangu akasema dawa yake ni transfoma, akaniletea, nikaipima juu ya mizani ya jikoni, ikawa kilo 3. Cherehani yangu nyepesi ilikuwa imezaa mtoto, na mtoto huyo hakutaka kuachwa nyumbani hata siku moja. Niliirudisha, na gharama ya posta ikaniangukia mimi.

Wiki mbili baadaye bibi wa darasani akanipa habari ya mzee mmoja, upande wa Clydebank, aliyetaka kuiuza ya marehemu mkewe. Jumamosi asubuhi nikashuka katika reli ya chini ya kituo cha Queen Street, nikapanda treni ya kuelekea magharibi, na kabla ya nusu saa kupita, nikiwa bado naangalia madirishani paa za vigae na miti iliyovuliwa majani, sauti ikatangaza kituo kinachofuata, nami nikadhani nimesikia vibaya. Treni ikasimama. Ubaoni, kwa herufi kubwa, paliandikwa Singer.

Nilishuka nikasimama pale hadi treni ikaondoka na watu wote wakaenda zao. Kituo hicho kilipewa jina hilo mwaka 1907, kwa sababu ya kiwanda kilichofunguliwa hapo 1885, katika mahali paitwapo Kilbowie, kiwanda ambacho katika siku za neema yake, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilitoa cherehani zaidi ya milioni moja kwa mwaka, zikashehenezwa kwenda kila bandari ya dunia, na ya kwetu miongoni mwazo. Kiwanda kilifungwa 1980, majengo yakabomolewa, na leo mahali pake kuna ofisi na maegesho ya magari. Jina tu limebaki, nalo limebaki katika reli. Nilikuwa nimefika, bila ya kukusudia, mahali ilipozaliwa cherehani ya baba yangu, na hapakuwa na kitu cha kutazama.

Mzee yule alinikaribisha sebuleni, akazima televisheni kwa ajili ya heshima, na kabla ya kunionyesha bidhaa alitaka kujua nimetoka wapi na nimejifunzia wapi kushona. Nilipomweleza habari ya Kibokoni na cherehani ya mkono, akaniuliza namba yake ilianza na herufi gani. Nikamwambia F. "Basi imetoka hapa," akasema, akaelekeza kidole dirishani, kule kwenye maegesho. Yeye mwenyewe alikuwa ameajiriwa kiwandani ujanani mwake, kama mama yake, na kama bibi yake ambaye alikuwa miongoni mwa watu wapatao 11,000 walioacha kazi 1911, baada ya wasichana 12 wa kupiga msasa na vanishi kukataa kuongezewa kazi. Akanihadithia pia ile saa ya mnara, iliyokuwa na nyuso nne, kila uso upana wa futi 26, ikionekana na mji mzima, hata wasio wafanyakazi wakawa huamka, hula na hulala kwa amri yake. Iliteremshwa 1963, na mama yake, kwa maelezo yake, aliendelea kwa miaka kuinua macho kuitafuta.

Kisha akaleta kisanduku. Namba ya cherehani iliyokuwamo ilianza na E, alama nyingine ya zile za Uskoti, na kibati cha mota kilisema volti 200 hadi 250. Nikaipindua, nikafungua sahani ya chini nikatazama kitambaa kizito kinachofyonza mafuta, nikalizungusha gurudumu kwa kiganja bila ya umeme, kwani baba alikuwa akisema cherehani mbovu hujitangaza mkononi kabla ya kujitangaza sikioni. Lilizunguka laini kama ufunguo uliotiwa mafuta. Nilipotia uzi katika sindano nikakosea, na mshono ukafumuka, hata mzee akacheka akaniambia kwamba hii, tafauti na nyingi, uzi wake huingia kutoka kulia kwenda kushoto. Nikageuza, nikazipitisha zile tabaka zangu tatu, na cherehani ikatulia mezani kama iliyopigiliwa msumari.

Aibu zake nazo nilizihesabu, kwa kuwa mapenzi hayanizuii kuhesabu. Haina mshono wa kwenda kombo, wa kuzuia ukingo wa nguo usifumuke. Nafasi kati ya sindano na nguzo haifiki inchi 6, kwa hiyo mfarishi wa kitanda kikubwa hukunjwa na kubanwa hapo kwa taabu, na mwenye busara huushona vipande vipande. Sindano zake ni zile za kawaida, zipatikanazo katika duka lolote la Biashara Street ya Mombasa, lakini bobini zake ni za peke yake. Mzee hakukubali kupunguza bei hata shilingi moja ya kwao, ila aliingia chumbani akatoka na bobini saba katika kopo la peremende, tatu zikiwa bado na nyuzi za mkewe, za buluu na za urujuani; akasema nizitumie.

Kisanduku kilikuwa na kasoro moja ambayo wauzaji wote wa aina hii huificha: harufu ya ukungu, iliyoingia katika gundi na bitana. Nilipofika Mombasa nilikiweka wazi juu ya chetezo cha udi siku tatu mfululizo, na sasa kinanuka kama bibi harusi aliyefungiwa stoo. Ndegeni kilipita bila ya ugomvi, kwa kuwa mashirika mengi humruhusu abiria kuingia na kilo 7. Ofisa wa ukaguzi wa usalama aliitazama cherehani kwenye kioo chake, akamwita mwenzake aje aione, wakatabasamu wote wawili, kisha wakaninyang'anya mkasi niliozawadiwa na darasa, ambao kwa usahaulifu nilikuwa nimeutia kisandukuni ilhali sheria yao haikubali makali yanayozidi sentimita 6.

Mwezi wa pili tangu kurudi nikaenda Lamu. Basi liliondoka alfajiri, likapita Malindi, Garsen na Witu, kisanduku kikiwa mapajani mwangu safari nzima, na pale Mokowe hamali mmoja akakipokea kwa mikono miwili, akiwa amejikaza kama anayeinua gunia, hata kikamrukia kifuani, akanirudishia akisema, "Mama, hiki si mzigo, kichukue mwenyewe."

Shangazi alikuwa amewakusanya wanawake tisa katika daka la nyumba yake, na mabaki ya leso yamepangwa mkekani kwa rangi. Nilichomeka plagi, ikaingia bila ya msaidizi, maana ya Kenya na ya Uingereza ni moja. Tulishona tangu baada ya adhuhuri, na tulikuwa katika safu ya nne, robo inchi kwa robo inchi, pale taa ya cherehani ilipozimika, na feni ndani ya nyumba ikapunguza mwendo hadi ikasimama, na mtoto wa jirani akapiga kelele kwamba umeme umekatika mtaa mzima.

Shangazi akaisogelea cherehani, akaizunguka, akaipapasa upande wa kulia kwa vidole vilivyozoea.

"Na mpini wake u wapi?" akauliza.

Nikamwambia haina. Akanitazama kitambo, kisha akavuta kigoda, akakaa kuliani mwangu, akaweka kiganja juu ya gurudumu, akaanza kulizungusha polepole, nami nikaongoza kitambaa.